Waliokuja Kupima Udongo

Mimi mtu akiniambia anapima udongo, namtazama mikono. Hapa Katoro wamepita wengi wa kupima. Waliotangulia walisema wanatafuta maji ya kisima shambani kwa shemeji yangu. Mwaka haukuisha, pakawa na uzio na mlinzi, ndani wanachimba dhahabu, na maji hatukuyaona.

Kwa hiyo siku vijana wawili waliposimamisha gari lenye mashine ya kutobolea ardhi mbele ya nyumba yetu, nilitoka nikiwa nimeshanuna. Walitoa shikamoo kwa adabu, na hilo nalo likanitia shaka. Wakasema kuna mpango wa treni ya mjini, nyepesi, ya umeme, ya kutoka sokoni hadi stendi ikipita katikati ya mitaa. Walitaka kutoboa uani kwetu wajue kama ardhi itahimili reli.

Treni, Katoro? Mji ambao mvua ikinyesha hata bodaboda inasukumwa?

Aliyewakaribisha ni mama yangu, aliyekuwa ameketi kibarazani. Tangu avunjike nyonga hawezi kupanda bodaboda, na bajaji ikiingia kwenye mashimo analia kabisa. Kanisani hajaenda muda mrefu, na habari za sokoni anasimuliwa tu. Kijana mmoja alimwonyesha picha kwenye simu: treni imesimama barabarani, sakafu yake iko sawa na kituo, na bibi mmoja anaingia na mkongojo wake bila kunyanyua mguu. Mama aliishika ile simu mpaka kioo kikazima. Akaomba iwashwe tena.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mashine. Ilivuta udongo kutoka chini, wakautia kwenye mifuko ya nailoni na kuandika namba juu ya kila mfuko. Jirani yetu, mchimbaji wa siku nyingi, alichungulia juu ya ukuta akanikonyeza.

"Sampuli hizo, dada," alisema. "Reli inalala juu. Huko chini wanatafuta nini?"

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Jioni ile nilizunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Vijana waliporudi asubuhi kuendelea na kazi, walikuta kila geti limefungwa na akina mama tumesimama barabarani. Niliwaambia wakatafute dhahabu kwao. Yule wa picha alianza kueleza, nikamkatiza. Wakageuza gari, na mimi nikarudi ndani nimefurahi kweli.

Baada ya hapo nilikaa macho. Gari geni likipunguza mwendo mtaani kwetu, natoka. Mgeni akiuliza njia, namhoji mpaka anakoma. Lakini miezi ikapita, na wale vijana hawakuonekana. Hawakumtuma dalali, wala hawakupitia kwa mwenyekiti wa mtaa.

Siku moja nikiwa namwosha mama miguu pale kibarazani, nilimwambia kwa majivuno kwamba tumewashinda.

Hakuniangalia. Alikuwa akitazama barabara.

"Mwanangu, wewe umezaliwa huku huku," alisema. "Umeshaona mtu aliyenusa dhahabu akafukuzwa mara moja tu, asirudi?"

Nilitafuta hata mmoja wa kumtajia. Sikumpata.