Nilivyompeleka Mama Mkwe Upemba

Nimesikia, mjukuu wangu, kwamba wewe na wenzako mnapanga kwenda Upemba kuona wanyama, na umekuja kuniuliza mbebe nini. Nitakujibu. Lakini kaa kwanza, maana siwezi kutaja Upemba bila kumtaja mama mkwe wangu, na nikimtaja yeye uso unaniwaka mpaka leo.

Nilikuwa mke mpya, enzi za Wabelgiji, mji huu ungali unaitwa Élisabethville. Baba yangu alifanya kazi ya reli, nami nilikuwa nimepanda treni hadi mji wa Jadotville mara kadhaa, basi nikajiona mjuzi wa safari zote. Mama mkwe alikuwa mtu wa milima ya Kibara. Mtoto wake wa kwanza alizikwa kule. Baadaye serikali ya Wabelgiji ikaifanya nchi ile kuwa hifadhi ya wanyama, ndiyo hiyo Upemba, watu wakahamishwa. Miaka yote alitaka jambo moja tu: kulifagia kaburi lile kabla hajafa. Mume wangu akahangaika maofisini hadi akatupatia ruhusa, ila yeye mwenyewe hakupewa likizo. Safari ikawa mikononi mwangu.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mama mkwe anafunga bulangeti lake zito kwa kamba. Mimi nilikuwa nimevaa gauni jipya na viatu vya kisigino. Nikaona haya kuandamana naye kituoni na furushi lile.

“Mama, ile bulangeti muiache,” nikamwambia. “Bantu ba mu treni batatucheka.”

“Kule juu kuko baridi, mwana wangu. Kiangazi ya kule haiko kama ya huku.”

“Mama, mimi safari najua. Muniamini.”

Akanitazama, akafungua kamba, akalirudisha bulangeti chumbani. Hakubishana. Wakwe wakibishana mlangoni majirani husikia, na yeye hakutaka mtu anisikie nikimjibu.

Kwenye treni tulikaa vizuri. Baada ya treni tukapanda motokari ya mizigo, tukaketi juu ya magunia. Kadiri tulivyopanda mlima ndivyo upepo ulivyozidi ukali, na kule juu ni nyasi tupu, hakuna mti wa kukinga. Mama mkwe akaanza kutetemeka. Akafungua kitenge chake cha pili. Nilidhani anajifunika. Akanitandikia mimi mabegani, kwa sababu nilikuwa mjamzito, baba yako yumo tumboni. Nami nikakipokea.

Tulipofika kwenye kizuizi cha hifadhi hakuweza kusimama. Alikohoa, mwili unachemka. Mlinzi aliisoma ruhusa yetu, akamtazama mama.

“Kufika kule ni kutembea asubuhi yote,” alisema kwa upole. “Huyu mama hataweza. Mumurudishe.”

Mama mkwe akaonyesha kwa kidevu. “Ni kule, nyuma ya kale kalima.” Akakitazama kilima kile mpaka motokari ilipogeuza. Tembo hatukumwona hata mmoja, wala sikumtafuta.

Nyumbani majirani walikuja na uji, wakauliza ilikuwaje mtu wa Kibara apande Kibara bila bulangeti. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia kila neno.

“Ni miye nilisahau,” mama mkwe akawajibu. “Ni buzee.”

Ningeweza kutoka nikasema kweli. Nilibaki palepale na mwiko mkononi, nikakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Alipona, lakini kifua hakikumruhusu safari nyingine, akafa bila kulifagia kaburi la mwanawe. Hakunikumbusha jambo lile hata mara moja. Afadhali angenigombeza.

Basi mwanangu, ukipanga kwenda kwenye hifadhi, tafuta mtu aliyeishi kule, umuulize habari za baridi, za maji na za njia. Akikwambia beba, wewe beba, watu wacheke. Ruhusa itafute mapema. Ukisafiri na mzee, muulize kwanza yeye anakwenda kuona nini, kisha safari yote uipange kwa ajili ya hicho. Na ukikosea, sema wewe mwenyewe, siku ileile, uliyemkosea angali hai wa kukusamehe.

Nendeni. Mungu awatangulie njiani, awape masikio ya kusikia mnapoambiwa, na wote mliotoka pamoja awarudishe pamoja, wazima.