Mechi Kumi na Nne Nilizopoteza

Katika klabu yetu ya besiboli hakuna mrushaji aliyepoteza mechi nyingi kwa msimu mmoja kunishinda mimi. Kumi na nne. Nalisema mwenyewe mapema, usije ukalisikia kwa mtu mwingine akiwa anacheka.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa Tanga. Shule niliiacha darasa la tano, niliona inanichelewesha. Johannesburg niliingia na begi moja na miwani ya kuchomelea. Leo ukipita Troyeville ukaona geti lenye jua la chuma linalochomoza, simama uliangalie vizuri, ni kazi yangu. Wapo walioiga, lakini miale ya jua lao imepinda.

Besiboli ilinifuata kazini. Mwaka 2015 niliitwa kutengeneza wavu wa uwanja wa klabu hii, ule mkubwa unaosimama nyuma ya mpigaji. Walikuwa mazoezini, mpira ukaruka ukaangukia karibu na mashine yangu. Nikauokota nikaurudisha. Ukapita juu ya vichwa vya wote, ukaenda kugonga ukuta wa upande wa pili. Kocha, mzee wa hapahapa aliyestaafu ufundi wa reli, akavua kofia.

"Eish," akasema. "Huo mkono umeutoa wapi?"

Niliutoa kwenye rede. Kwetu watoto wawili wanarushiana mpira wa soksi na makaratasi, wa katikati anakwepa, ukimpata ametoka. Wanasema ni mchezo wa wasichana. Mimi nilicheza na dada zangu wanne, na hakuna aliyedumu katikati nikiwa narusha mimi. Sasa siku ya kwanza kocha ananipandisha kwenye kichuguu cha mrushaji, kile kilima kidogo cha katikati ya uwanja, mbele yangu kasimama mtu na gongo, naambiwa nirushe. Nikafanya ninachokijua. Nikampata wa mbavu, nikainua mikono juu nikimsubiri atoke. Akatoka kweli, ila alikuwa ananifuata na gongo.

Aliyeniokoa ni mdakaji wetu, fundi cherehani wa Lubumbashi, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Alisimama katikati yetu, kisha akanishika bega, akaniita Yaya, yaani kaka kwa Kiswahili cha kwao.

"Yaya, hapa hatupigake mutu. Unapiga hii glavu yangu. Ona glavu, mutu umusahau."

Nikamsahau mtu. Tangu siku hiyo nikawa mrushaji.

Besiboli ina sheria moja ambayo sijaiona kwenye mchezo mwingine. Timu ya watu tisa ikishindwa, kushindwa kunaandikwa kwa jina la mrushaji. Mmoja aangushe mpira wa kudaka, mwingine akimbie vibaya, daftarini aliyeshindwa ni wewe. Na kwenye kibanda cha klabu yetu kulikuwa na mbao mbili. Wa kwanza ni wa walioshinda, majina yao yamekatwa kwa chuma, na mengi nimeyakata mimi. Wa pili ni wa chaki. Siku ya braai, nyama choma ya kufunga msimu, mrushaji aliyepoteza nyingi anaandikwa pale, anasomwa, watu wanacheka huku wakila nyama, halafu anapewa tambara bichi ajifute mwenyewe. Jina moja tu lilikuwa halifutwi, juu kabisa, la aliyepoteza nyingi tangu klabu ianze. Kumi na tatu. Lilikuwa la kocha, enzi za ujana wake.

Msimu ulioishia 2019 tuliuanza na warushaji watatu. Mmoja, Mkenya wa benki huko Sandton, akapandishwa cheo na Jumamosi zake zikaisha. Wa pili bega likamfia. Nikabaki mimi. Kila Jumamosi mimi. Wachache tuliwapiga, wengi walitupiga, na mechi ya mwisho ilipofika nilikuwa na kumi na tatu.

Wiki hiyo mdakaji alikuja karakana, shati limejaa nyuzi.

"Yaya, Jumamosi uugue."

"Niugue nini?"

"Kitu yoyote. Mugongo. Mutu mwingine atarusha. Ukipoteza kumi na ine, batakuandika kule juu, na hautafutika tena."

"Mgongo wangu mzima."

"Watoto bako batasoma ile jina."

"Wasome. Kiswahili chenyewe wananijibu kwa Kizulu, angalau wasome jina langu mahali."

Alicheka, lakini aliondoka anatikisa kichwa. Nami nilibaki nimekasirika. Nani kamwambia naona aibu?

Jumamosi nilipofika uwanjani, kocha alikuwa ameshika orodha na jina langu halikuwa kwenye nafasi ya mrushaji. Alinivuta pembeni.

"Leo pumzika, rafiki yangu. Kumi na tatu nimeishi nayo mimi maisha yangu yote hapa. Mgeni akiingia kibandani anaangalia ubao, ananiangalia mimi, anarudi kuangalia ubao."

"Msimu ule nani mwingine angerusha?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Na walipokupa mpira mara ya kumi na tatu, walikuwa wanakudharau?"

Akatoa mpira mfukoni, akaugeuzageuza.

"Mrushaji mbaya hapotezi kumi na tatu, mzee. Akipoteza tatu wanamtoa. Kumi na tatu anazipoteza mtu ambaye wenzake, wiki baada ya wiki, bado wanampa mpira yeye. Nipe."

Akauangalia mpira kama hajawahi kuuona. Akanipa.

Nilirusha mechi nzima, kuanzia jua kali mpaka mawingu ya mchana yakaanza kunguruma upande wa machimbo. Mkono ulikuwa unawaka. Tulifika zamu ya mwisho tukiwa mbili kwa mbili, mtu wao mmoja amebakiza kituo kimoja arudi nyumbani, yaani awapatie alama. Nikarusha mpira ambao sijawahi kurusha mzuri kama ule. Mpigaji akagonga hewa. Mpira ukapita chini ya glavu ya mdakaji wangu, ukaenda moja kwa moja kwenye wavu, na yule mtu wao akakimbia akaingia. Tatu kwa mbili. Tulipopiga sisi hatukupata kitu. Siku ile kitu pekee kilichoushika mpira wangu ni kile nilichokichomelea mwenyewe.

Mdakaji alinifuata, kofia mkononi.

"Yaya, ile ni yangu. Nitamuambia mwenye daftari aandike mimi."

"Sheria inasema ni yangu. Usininyang'anye."

Siku ya braai kocha alichukua chaki, akapanda kiti, akafuta jina lake pale juu kwa kiganja. Watu walikuwa wameanza kucheka. Nikamwambia ashuke. Nikaenda kwenye bakki, pikapu yangu, nikarudi na mashine na kibao cha chuma nilichokikata wiki ile: jina langu lote, la baba na la babu, na chini yake kumi na nne, herufi kubwa kuliko za washindi. Ubao ule wa chaki una fremu ya chuma. Nikavaa miwani, nikakichomelea pale juu mbele yao wote, nyama ikiungua na hakuna wa kuigeuza. Misumari mtu anang'oa. Hiki labda wavunje kibanda.

Nilipovua miwani hakuna aliyecheka. Mdakaji akakigusa, kikamchoma kidole, akalamba.

Kocha alijifuta chaki ya kiganjani kwenye suruali. Kisha akanisogelea, akaongea chini chini kama mtu anayeagiza kitu dukani asisikike.

"Unaweza kunikatia na mimi? Kumi na tatu."

"Nitakukatia," nikamwambia. "Lakini yako inakaa chini ya yangu."