Nilitafutwa Gongo la Mboto

Nina kifafa. Naanza na neno lenyewe kwa sababu kwa muda mrefu nyumbani kwetu tulilizunguka. Tulisema kizunguzungu, tukasema presha, tukasema uchovu wa kazi. Wewe unayesoma haya huku ukijua kwamba nawe unaficha, au una ndugu mnayemficha chumba cha ndani, soma taratibu. Leo napika peke yangu na navuka barabara peke yangu. Nitakueleza nilivyofika hapa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa binti mzima asiyejua hata panado. Nilikaa Kipawa na mama yangu, ndege zikipita juu ya bati letu hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Kazi nilifanya Chang'ombe, kwenye chumba cha kompyuta cha Kaka Deo, mtu wa Bukoba aliyeacha ualimu akaingia biashara kama wengi wakati ule. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji, na laini ya simu iliyokatika kila mvua iliponyesha. Watu walikuja kuchapa barua za kuomba kazi na kutuma salamu kwa ndugu walioko nje. Lakini waliokijaza chumba hasa walikuja kwa ajili ya mchezo.

Mchezo ule haukuwa na picha. Ulikuwa maandishi ya kijani juu ya kioo cheusi, nao ulikuwa mji. Ukiandika kwamba unakwenda kaskazini, maandishi yanakuambia umefika sokoni, kisha yanakutajia majina ya waliopo sokoni saa ile. Hao walikuwa watu kweli, kila mmoja mbele ya kompyuta yake, wengine ng'ambo ya bahari, wengine humu humu Dar. Tuliongea nao kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. Hakuna aliyetumia jina lake. Salumu, fundi redio wa jirani, aliitwa Radi. Mie, Mwanahawa, nilijiita Zumaridi.

Nina tabia ya kuchunguza, na nilichokiona mapema ni kwamba mji ule haukuweza kushika watu. Mgeni akiingia hasalimiwi. Wazoefu wanamnyang'anya upanga, wanacheka, wanapita. Mchezo wa karata una mwisho, mmoja anafungwa, mnachekana, mnagawa upya. Mchezo ule haukuwa na mwisho, kesho yake ilikuwa jana yake. Na mtu akiondoka, waliobaki hawakuwa na la kufanya. Kwetu pwani mtu asipoonekana msikitini au kibarazani siku mbili tatu, atatumwa mtu kwenda kumuulizia. Kule nani angemuulizia Radi? Wa ng'ambo wangejuaje Radi anakaa wapi? Akiondoka mmoja, rafiki zake wanapoa, nao wanaondoka bila kuaga.

Ugonjwa wangu ulianza majina ya wachezaji yalipokuwa yanapungua.

Kwanza ilikuja harufu, ya mpira unaoungua. Niliinuka nikakagua nyaya zote, sikuona kitu. Baada ya harufu kikaja kitu ambacho sijui nikieleze vipi. Maandishi yalikuwa yakitokea kwenye kioo na mie nayajua kabla hayajatokea. Nilijua mlango upi utafunguka. Nilijua nyuma yangu Salumu atakohoa, naye akakohoa. Tumbo likapanda kama niko kwenye bembea, kisha ikawa basi, muda umepita na sijui ulikwenda wapi.

Siku moja Salumu alinigusa bega.

"Da Mwana, unamwambia nani?"

"Namwambia nani nini?"

"Si hayo unayoandika! Braza mmoja wa ng'ambo anakuuliza unakuja wapi, nawe humjibu."

Nikatazama. Kioo kizima kilikuwa kimejaa maneno yangu, mstari baada ya mstari: nakuja, nakuja, nakuja. Vidole vilikuwa vyangu. Sikukumbuka hata herufi moja.

Watu wa mchezo walianza kuniogopa. Walisema Zumaridi anasimama kwenye kisima cha mji ule bila kujibu salamu, halafu anasema neno moja mpaka uondoke. Nilicheka waliponisimulia. Salumu hakucheka.

"Sista, nenda hospitali," alisema. "Mashine nazijua mie. Hiyo siyo mashine."

Sikwenda.

Mchana mmoja niliingia mji ule wa kwenye kioo nikakuta hakuna mtu. Nilipita sokoni, nikapita langoni, nikarudi kisimani. Maandishi yaliendelea kuniambia kwamba maji yanachuruzika. Mwuza samaki, ambaye hakuwa mtu bali alitungwa na mashine, aliendelea kunadi samaki wabichi katika soko tupu. Nikaomba majina ya waliopo. Likatokea moja, Zumaridi. Nikasikia ile harufu ya mpira. Nikatazama tena, na chini ya jina langu nikaliona jina langu mara ya pili, na nikajua, kama nilivyokuwa najua kila kitu, kwamba huyo wa pili anataka kuniambia jambo.

Nilizinduka sakafuni. Sketi ilikuwa imelowa mkojo. Ulimi ulikuwa umechanika upande, mdomo umejaa damu na povu, na kila msuli uliuma kama nimepigwa kwa mchi. Mlangoni walisimama mafundi wa gereji na wateja, mbali, wameziba pua na midomo. Mmoja alikuwa anasema, "Msiguse povu! Ukigusa povu unalo na wewe!" Kiatu cha mtu kilikuwa karibu na uso wangu, walikuwa wakininusisha. Aliyenishika kichwa alikuwa Salumu peke yake, na mikono yake ilikuwa na povu langu.

"Mtu mwenyewe huyu mnamjua," aliwaambia. "Jana mmekula naye vitumbua."

Wiki ile ile watu walikihama chumba. Kaka Deo alikuja nyumbani, akasimama uani bila kutaka kuketi.

"Shikamoo mama. Mwanahawa, unaendeleaje? Mie siamini mambo haya, lakini wateja wanasema mashine zangu zina jini. Pumzika kwanza."

Mama naye aliamini jini, ila aliamini ni la kwetu. Nilifukizwa ubani na udi chini ya shuka mpaka macho yakavimba. Nikaanguka humo humo ndani ya shuka. Hapo ndipo alipokubali hospitali.

Daktari alisikiliza habari ya harufu, ya kujua mambo kabla, ya vidole kuandika vyenyewe. Hakushangaa hata kidogo.

"Hicho ni kifafa," alisema. "Kinaanza sehemu moja ya ubongo, kwa wengine kwa harufu hivyo hivyo. Hakiambukizi, kwa povu wala kwa chochote. Utakunywa vidonge kila siku, na usiache hata ukijiona mzima."

Nikapelekwa kliniki ya Alhamisi, kwa Nesi Agripina, mama mnene wa sauti ya juu. Akaniuliza, "Unakaa wapi, mwanangu?"

Mama akanitangulia. "Gongo la Mboto," alisema, akanifinya paja.

Alikuwa na sababu zake. Ningechumbiwa na nani, Kipawa nzima ikijua? Baadaye nilikuja kugundua kwamba karibu benchi zima lilifanya vile vile. Wa Temeke alisema anakaa Kinondoni, wa Kinondoni alisema Mbagala. Wengine walibadili na majina. Tulikaa pale bega kwa bega, kila mtu akiwa mtu mwingine.

Vidonge vilinilaza usingizi mzito, mdomo ukawa mkavu, lakini harufu ikakoma. Miezi ikapita. Kila Alhamisi benchi lilikuwa fupi kuliko Alhamisi iliyotangulia. Wageni waliingia, hawasalimiwi, wanatazama chini, mara ya tatu hawaji. Aliyezoea kukaa karibu nami, mzee mmoja mcheshi, hakuonekana tena, na sikuwa na pa kumuulizia. Nilikuwa mzima. Kidonge cha leo kilikuwa sawa na cha jana, na hakuna aliyeniambia hongera. Nikaacha, kama wengine walivyoacha.

Nilikuwa nachochea mkaa asubuhi, nataka kukaanga maandazi. Harufu ya mpira ikaja. Nikatazama ukuta wa uani na nikajua kwamba kunguru atatua pale, na akatua. Nikataka kumwita mama. Nilipozinduka kulikuwa na harufu nyingine, ya nyama. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ndani ya jiko.

Sitawaficha. Vidole viwili vilikatwa. Kila walipofungua bandeji ngozi ilitoka nayo, na kelele zangu zilisikika wodi nzima. Mama alilala chini ya kitanda changu, hataki hata kula.

Siku moja akaingia Nesi Agripina. Alisikia kuna binti wa kliniki yake aliyeungua. Akavuta kiti, akakaa.

"Nilikutafuta," alisema.

"Wapi, nesi?"

"Gongo la Mboto. Ulipokosa Alhamisi mbili nilijua umeacha. Nilikwenda siku yangu ya kupumzika. Nimezunguka mchana kutwa, nimeuliza madukani, nimeuliza mpaka kambini kwa wanajeshi. Wananiambia, mama, hapa hakuna Mwanahawa huyo. Nikarudi na malengelenge miguuni."

Mama alitoka chini ya kitanda kwa magoti. Alimshika yule nesi miguu. Kisha akasema kwa sauti ambayo wagonjwa wote waliisikia: "Tunakaa Kipawa. Nyuma ya msikiti, mlango wa bluu. Muulize yeyote mama yake Mwanahawa mwenye kifafa."

Nesi akamwinua. "Haya, mama. Safari nyingine nitafika."

Sasa ni miaka mingi sijaanguka. Namshukuru Mungu, namshukuru mama, namshukuru Salumu asiyeogopa povu, na namshukuru nesi yule kwa miguu yake. Ukimwona mtu ameanguka, mlaze ubavu, sogeza moto na vyuma, legeza nguo shingoni, usimtie kitu mdomoni, usimnusishe viatu. Na wewe mgonjwa, usiache vidonge siku unayojiona mzima, kwani siku hiyo ndiyo vinafanya kazi. Zaidi ya yote, mwambie mwenzako wa benchi jina lako na mlango wako.

Mimi nilianza Alhamisi ya kwanza baada ya kutoka wodini. Nilisimama na mkono wangu uliofungwa, nikasema jina langu na mtaa wangu. Dada mmoja aliyekaa mwisho kabisa wa benchi, ambaye kwa muda wote tulimwita Rehema wa Ubungo, akafunua ushungi aliojiziba nao uso siku zote.

"Mie naitwa Tatu," alisema. "Tupo mtaa mmoja. Kila siku nachota maji mbele ya mlango wenu wa bluu."