Mama Ngazi hatulii mpaka bango la mwisho

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, maduka bado yamefungwa, na mwanamke mmoja amesimama katikati ya barabara, shingo juu, mdomo wazi. Asiyemjua atadhani amechanganyikiwa. Anatazama bango la kinyozi.

"Wifi, lete ngazi."

Wifi yake, mdogo wa mumewe, ndiyo kwanza alikuwa anakaa kwenye kizingiti cha duka. Anainuka akiguna.

"Hili si tulilitazama jana?"

"Jana tulitazama la jirani."

"Haya, panda, mke wa watu. Nimeshika."

Anapanda. Akifika juu analikamata bango kwa mikono miwili na kulitikisa kama anamwamsha mtu aliyechelewa kazini. Anajaribu bolti kwa spana, moja moja. Anapitisha kidole ukutani kuzunguka kila tundu, anapiga picha kwa simu, anashuka. Wifi hajamaliza kukunja ngazi, mwenzake yuko duka la tatu, shingo juu tena.

Ukitaka kuongea na mama huyu, vaa raba. Mwandishi wa makala haya alikwenda na viatu vya ofisini na akajuta kabla ya saa mbili.

Anaitwa Mama Ngazi, na hata barua za benki siku hizi zinamfikia kwa jina hilo. Kwa miaka tisa ametundika mabango ya maduka, saluni, zahanati na ofisi za mawakili. Kwa hesabu yake ni mabango mia mbili na kumi na manne. Kwa miaka minane hakuwahi kugeuka nyuma kulitazama hata moja. Ukishafunga bolti ya mwisho na mwenye duka akasema limekaa sawa, umemaliza.

Ndivyo alivyodhani, mpaka bango la duka la dawa lilipoanguka.

Ilikuwa mchana kweupe, hakuna upepo wala mvua. Chini ya bango lile alikuwa amekaa fundi viatu mmoja, mzee ambaye wateja wake wanamwita Babu Soli. Kona ya chuma ilimkata kiganja cha mkono wa kulia, ule wa sindano.

"Nilipigiwa simu nikiwa juu ya ngazi nyingine," anasema Mama Ngazi. "Sijui nilishukaje. Wifi anasema niliruka."

"Aliruka," anathibitisha wifi. "Mimi nilibaki nimeshika ngazi tupu."

Sababu aliijua kabla hajafika. Mafundi wa mabango wana tabia moja ambayo mteja haioni. Bango la zamani likitolewa, ukuta unabaki na matundu, na fundi mwenye haraka hatoboi mengine. Anaingiza bolti zake kwenye matundu yaleyale. Wenyewe wanaita kupanga chumba cha mwenzio. Ukuta haupati makovu, kazi inaisha mapema, mteja anafurahi. Lakini tundu lililokwisha kutumika limelegea, na kila lori linalopita barabarani linatikisa bolti kidogo.

"Nilipanga chumba cha mwenzio," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze miguu yake inasimama. "Kila bolti ya bango lile. Nilijua, na nilifanya."

Hospitalini alifanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mzee mkono ulio mzima, akasema mbele ya wodi nzima: "Nisamehe, mzee wangu. Ni kosa langu. Nitabeba kila kitu." Mdogo wa mzee akamwomba aandike. Akaandika na kutia sahihi nyuma ya kadi ya hospitali.

Upasuaji wa kwanza aliulipia kwa kuuza mashine yake kubwa ya kutobolea kuta. Kisha daktari akasema mkono unahitaji upasuaji wa pili ndani ya wiki sita, ama sivyo vidole viwili vitabaki vimekunjika na Babu Soli hatashika sindano tena. Gharama yake ilikuwa sawa na malipo ya mabango thelathini na moja. Kwa mwezi, Mama Ngazi hutundika mawili au matatu.

Hapo ndipo mumewe, mwashi asiye na maneno mengi, alipomuuliza: "Ile bima yako je?"

Alikuwa ameisahau. Aliikata miaka miwili nyuma kwa sababu mteja mmoja mkubwa hakutaka kumpa kazi bila cheti. Kila mwaka hulipia bei ya bango moja na nusu, na mkataba hakuwahi kuufungua. Inaitwa bima ya dhima.

"Siku ya kwanza nilimuuliza wakala, nikianguka nikavunjika mguu mtanipa ngapi? Akasema, sifuri, mama. Hii haikulipi wewe. Inamlipa yule uliyemuumiza au uliyemharibia mali kwa kazi yako. Nikasema moyoni, basi nanunua karatasi tu, maana mimi simuumizi mtu."

Anacheka, lakini si kwa furaha.

Akapeleka madai. Jibu likaja kwa barua: sharti la tisa la mkataba linamkataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Naye alikuwa amefanya yote mawili, tena kwa sahihi. Kampuni ilikuwa inafikiria kukataa.

"Nilikasirika!" anasema. "Mtu kalazwa kwa ajili yako, unamwambia nini? Subiri niulize kampuni?"

Wakala akamshauri aandike maelezo mapya, kwamba siku ile alikuwa amechanganyikiwa na hakujua asemalo, na huenda bango lilivutwa na mtu. Zilibaki wiki tatu. Mama Ngazi hakula wala hakulala. Alianza kutembea, na ndiyo mwanzo wa safari hizi za asubuhi. Mwishowe miguu ikamfikisha kwa Babu Soli mwenyewe, akamweleza yote.

Mzee alimsikiliza, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Mwanangu," akamwambia, "ulisema kosa lako, nikasikia. Na wodi nzima ikasikia. Utawatafuta wote uwaombe wasahau?"

"Lakini mkono wako, mzee wangu."

"Mkono ni wangu, naujua. Nenda kaandike ukweli."

Akaandika mistari minne. Kwamba alisema, na ni kweli. Kwamba hakulijua sharti la tisa. Kwamba anaomba kitu kimoja: kabla hawajakataa, mtu aje atazame ukuta.

Mtathmini alikuja baada ya siku nane, kijana mnene aliyeogopa ngazi. Alipanda vidato sita, akaingiza kidole kwenye tundu, kikazama mpaka kwenye pete yake ya ndoa. Akashuka jasho likimtoka.

"Aliniambia, mama, hata ungenyamaza kama jiwe, ukuta huu ungekusema," anakumbuka Mama Ngazi. "Kukiri kwako hakujabadilisha kitu. Tungelipa tu."

Kampuni ililipa, na upasuaji ukafanyika zikiwa zimebaki siku nne. Lakini mtathmini hakumwacha aondoke na kicheko. Alimwonya kwamba bahati kama hiyo haina mazoea, na kampuni nyingine ingemkatalia mchana kweupe.

"Sasa nimejua," anasema. "Msaidie aliyeumia, mpeleke hospitali, mwambie pole kwa moyo wako wote. Halafu ipigie kampuni siku hiyohiyo. Habari ya kosa ni la nani, waache waje wapime."

"Na utaweza kunyamaza wewe?" anauliza wifi.

"Nitajaribu."

"Hutaweza."

Kampuni iko tayari kumkatia bima tena mwaka ujao, ila inataka orodha ya mabango yake yote na picha ya kila bolti. Orodha hana. Anayo miguuni. Mpaka siku ya makala haya ameyafikia mia moja na hamsini na moja. Tisa kati ya hayo ameyakuta kwenye matundu ya zamani, akayashusha na kuyatundika upya bila malipo. Yamebaki sitini na matatu, na siku arobaini. Akimaliza, anataka kuwakusanya mafundi wenzake na kuwasomea mkataba sharti kwa sharti, wapende wasipende.

Usiku bado anashtuka. Akisikia bati limeanguka kwa jirani, anavaa viatu.

Viatu vyenyewe vimekwisha. Saa nne, cha kulia kinaachama njiani, na wifi anamburuta hadi kwa Babu Soli, ambaye amerudi kazini wiki hii. Amekaa palepale, mbele ya duka la dawa. Bango jipya liko juu yake, na hajalitazama hata mara moja.

Anakipokea kiatu. Sindano inatetemeka, inatoka, inaingia tena. Vidole viwili ni vizito lakini vinakunjuka. Mshono unakwenda upande kama njia ya mbuzi, na watu wote wanne pale wanauona.

Mama Ngazi anakivaa, anakanyaga chini mara mbili. Anafuta uso kwa kiganja.

"Hicho ndicho kiatu changu cha kwanza tangu siku ile," anasema mzee. Kisha anamgeukia mwandishi. "Wewe, andika. Kikifumuka, ni kosa langu."

"Babu!" Wifi anapiga kofi pajani. "Na wewe unakiri?"

"Nakiri," anasema Babu Soli, akiokota kiatu kinachofuata.

Mama Ngazi amekwisha kuvuka barabara. Anatazama juu.