Mashimo Katika Mwamba wa Masaka

Kaka yangu alinipigia simu Jumamosi moja, akaniambia niende Masaka, pembezoni mwa Kigali, nikaone mwamba wenye mashimo. Alikuwa amejenga kwenye mteremko, na ili kupata mahali tambarare mafundi waliukata mlima, ukabaki ukuta wa mwamba nyuma ya nyumba, mrefu kupita watu wawili. Yeye na mkewe walikuwa wamekwisha kuhamia. Jiko lao, banda la mabati, lilikuwa kati ya nyumba na huo ukuta.

Mimi nafundisha jiografia Kanombe, na mawe ndiyo ugonjwa wangu tangu utotoni kule Karagwe tulikolelewa. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba mwamba wa vilima vya Kigali ni wa kale mno; tope lake liligeuka jiwe kabla hakujawa na mnyama wa kuchimba hata tundu. Kwa hiyo kaka aliposema mashimo, moyo ulinidunda. Nilitamani sana kuwa nimekosea.

Nilikwenda na kioo cha kukuzia, kisu na chupa ya maji. Mashimo yalikuwa mengi, unene wa kidole, yamejaa udongo mwekundu. Shimo la kiumbe wa kale hujulikana: kilichomo ndani huwa kimegeuka jiwe pamoja na mwamba, na mara nyingi matabaka ya pembeni huwa yamepinda, kwa kuwa mwenyewe alipita tope likiwa bado laini. Haya hayakuwa hivyo. Matabaka yalikuwa yamekatwa tu, na udongo wa ndani ulimomonyoka kwa ukucha. Nilimwaga maji ili rangi zionekane vizuri. Yakazama mashimoni yote. Mwishowe nikachokonoa bawa kavu la mchwa.

Nilikusanya vitu vyangu kwa hasira kidogo. Wifi yangu alikuwa ametoka jikoni, amesimama nyuma yangu akifuta mikono. Yeye alizaliwa Nyamirambo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kigali, ambamo karibu kila kitu ni "iko".

"Kwa hiyo iko sawa, wifi?" aliniuliza.

"Ni mchwa tu, wifi. Hakuna kitu."

Akashukuru, akarudi kwenye sufuria yake. Yeye alikuwa ameuliza habari za ukuta. Mimi nilijibu habari za umri wa mashimo.

Mvua za masika zilikuja nzito mwaka huo. Asubuhi moja, baada ya siku mbili bila kukatika, kaka alikuwa ndani akivaa viatu aliposikia mshindo kama lori linalomwaga kokoto. Alipofungua mlango wa nyuma hakuliona jiko. Majirani walichimba kwa majembe, kisha kwa mikono, wakamtoa wifi kabla ya adhuhuri. Nilifika amekwisha kufunikwa kitenge. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha, na udongo ulikataa kutoka kwenye nywele zake. Tukamzika alasiri hiyohiyo.

Siku ya tatu, watu walipopungua, nilikwenda nyuma ya nyumba peke yangu. Vipande vilikuwa vimeteleza kufuata tabaka, na kila mahali palipokatika palikuwa na njia za mchwa, zimelowa bado. Nikarudi ndani nikamweleza kaka yote: swali la mkewe, na nilichojibu.



"Na mimi nilikuwepo," akasema. "Niliyaona yale maji yakiingia. Nikafikiri wewe ndiye unayejua."

Jambo hilo hajalirudia. Sasa anaishi kwangu, cherehani yake ya kazi iko sebuleni. Mvua ikianza huacha nguo chini ya sindano, akatoka kusimama barazani mpaka ikatike, hata iwe saa nzima.

Tangu hapo nimepita nyumba nyingi za mteremko ule nikitazama kuta zilizokatwa. Wengine hunikaribisha, wengine huniuliza nimetumwa na nani. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanizungusha kiwanja chake chote ili nimwonyeshe mahali pa kulihamishia jiko. Tulizunguka mara mbili. Hapakuwepo.