Alama za Migongo

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae kitako sakafuni.

Nilikuwa nimefika mji wa Nizwa, hapa Oman, na viatu vipya vya ujenzi, kofia ngumu ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani, na shahada ya uhandisi niliyoibeba mkobani kana kwamba kuna mtu angeiuliza mlangoni. Mhandisi Mkuu hakuiuliza. Alinipeleka kwenye nyumba tupu ya udongo, akanionyesha chumba, akasema, "Kaa humu mpaka adhuhuri. Nikirudi, niambie watu wa nyumba hii walikuwa wakikaa wapi."

"Nitajuaje, Mhandisi?"

"Ukuta utakwambia." Akaenda zake.

Nilikaa nikiwaza. Je, hii ni dhihaka? Je, hataki mwanamke katika ofisi yake? Nikikosea, nitarudishwa nyumbani leo hii, na majirani watauliza? Niliwaza hivyo muda mrefu kabla sijainua macho. Ndipo nikaona kwamba plasta ya zamani haikuwa na rangi moja. Chini ya dirisha palikuwa na kivuli cheusi chenye kung'aa kidogo, upana wa mabega, na juu yake doa dogo la mafuta pale kichwa kilipokuwa kikiegemea. Karibu na mlango palikuwa na kingine, cha chini zaidi, cha mtu mfupi.

Mhandisi Mkuu aliporudi nilimwonyesha. Akaitikia kwa kichwa. "Hizo ni alama za migongo. Usivunje ukuta wowote kabla hujazitafuta. Mwenye nyumba atakueleza anapenda kukaa wapi, naye mwenyewe hajui. Mgongo wake ndio unaojua."

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi, nami sijafika miaka thelathini. Lakini Mhandisi Mkuu amestaafu na ofisi yake ndogo imefungwa, kwa hiyo nami ni kama nimestaafishwa pamoja naye. Nawaandikia nyinyi mnaotoka vyuoni sasa mkisubiri kuitwa kazini, mnaolala mkijiuliza maswali kama yangu.

Kazi yetu ilikuwa kukarabati nyumba za zamani. Katika mitaa ya kale ya mikoa ya Dakhiliyah na Sharqiyah watu walikuwa wamehama wakajenga nyumba za matofali pembeni, na sasa watoto wao walikuwa wakirudi kuzitazama zile za udongo. Nizwa nilijifunza sarooj, udongo uliochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa, unaopakwa ukutani kuzuia maji. Nilijifunza pia kutoupiga ukuta wa udongo plasta ya saruji ya dukani, maana saruji haipumui, na unyevu ukifungiwa ndani huula ukuta kimyakimya. Baadaye nikapelekwa Sur, pwani. Kule adui ni chumvi. Inaingia ndani ya zege, nondo zinavimba kwa kutu, na siku moja kipande cha dari kinaanguka juu ya meza ya chakula. Msimamizi wa Sur alikuwa akigonga kila nguzo kwa fundo la kidole na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti maji. Nilimwuliza anasikia nini. "Nikisikia kitu," alisema, "nitakimbia. Nawe ukiniona nakimbia, nifuate."

Kisha nikahamishiwa Ibra, kwetu, ninapoishi na wazazi wangu na bibi yangu. Huko ndiko nilikopewa nyumba ya Dokta Lateef.

Dokta Lateef ni Mnigeria wa Ilorin, mwalimu wa hesabu chuoni. Amekaa Oman tangu mimi niko skuli ya msingi. Mkewe, Bi Zuwena, ni wa kwetu. Wazee wake walitoka Unguja kama wangu. Kiswahili Dokta alifunzwa na mama mkwe wake, na kwa hiyo mtu yule mrefu, mwenye mabega kama kabati, alikuwa akizungumza kama bibi kizee wa mjini Unguja.

"Ee Mola wangu wee!" alisema aliponiona mara ya kwanza. "Mwanangu, mbona umekonda hivyo? Hawakupi chakula huko ofisini?"

Walikuwa wamenunua nyumba ya zamani mtaani kwetu. Mgeni hamiliki nyumba katika mitaa kama ule, kwa hiyo mulkiya, yaani hati ya nyumba, ilikuwa kwa jina la Bi Zuwena. "Nyumba ni yake," Dokta alisema akicheka. "Mie ni mgeni wake asiyeondoka." Kisha akaacha kucheka. "Miaka yote hii nimeishi nyumba za kupanga. Hata msumari nikipigilia naomba ruhusa. Sasa nataka kitu kimoja tu. Nataka nyumba yenye watu."

Niliandika maneno hayo nikayatazama. Chuoni tulifundishwa nyumba yenye mwanga, yenye hewa, yenye msingi imara. Nyumba yenye watu hatukufundishwa.

Bi Zuwena ndiye aliyenieleza. Mama yake Dokta, ambaye wote walimwita Alhaja, maana kwao mwanamke aliyehiji huitwa hivyo, aliwahi kuja kuwatembelea walipokuwa bado wamepanga. Ilorin alikuwa akiuza vitambaa mbele ya mlango wa nyumba yake, na hakuna aliyepita bila kumwamkia. Huku aliwekwa kwenye majlis, chumba kizuri cha wageni, chenye mito na baridi ya mashine, na mbele ya dirisha ukuta mrefu wa uwanja. Alikaa akiutazama. Siku aliyofurahi ilikuwa ya Jumatano, Bi Zuwena alipompeleka kwenye soko la wanawake la Ibra. Huko alibishana bei ya kitambaa asichokitaka na mwanamke ambaye hawakuwa na lugha moja, wakaachana wamekumbatiana. Kabla muda wake haujaisha aliomba arudi kwao.

"Uwanja wa ndege alimwambia mwanawe, 'Nilikuja kukutembelea wewe, nimetembelea ukuta. Ukipata nyumba yenye watu, niite.'" Bi Zuwena alitazama mikono yake. "Hakuniambia mimi. Lakini ukuta ule niliupenda mimi. Mwenzio nilikulia ndani ya sitara, sikujua kama mtu anaweza kuugua kwa sababu yake."

Nyumba waliyonunua ilikuwa na bahati moja. Wanawake wanaokwenda soko la Jumatano hupita mbele yake. Lakini nayo ilikuwa na ukuta mrefu, na wapitao husikika tu.

Nilikwenda kukaa sakafuni kutafuta alama. Zilikuwapo ndani, nyingi, chini ya boriti zilizoletwa zamani kutoka pwani ya Afrika. Upande wa njia hapakuwa na hata moja. Ndipo nikakumbuka hadithi za Bibi: baraza la nyumba yao Unguja, benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele, nje, ambapo watu walikaa jioni wakinywa kahawa na kila mpita njia akajibiwa salamu. Mimi sijafika Unguja. Baraza hilo nimelijua kwa kusikia tu, tangu utotoni.

"Shikamoo Bibi. Baraza lenu lilikuwa na kimo gani?"

"Marahaba mwanangu. Lilikuwa..." Alishuka kitandani polepole, akapima kwa shubiri kwenye mguu wa meza, bila kusita. "Hapa. Na liliinama kidogo mbele, maji ya mvua yateremke. Na pembe zake si kali."

Nikapata wasiwasi mwingine. Je, Alhaja ana miguu mifupi? Benchi likiwa refu miguu itaning'inia, itakufa ganzi, na atarudi kwao tena, safari hii kwa sababu yangu. Nilimwomba Dokta ampigie mama yake amwulize kimo cha goti lake. Alinitazama kama mtu anayetazama jibu lisilo na swali, kisha akapiga. Nilimsikia Alhaja akicheka kwa lugha yao, kicheko kirefu cha mtu wa sokoni.

"Anauliza," Dokta alitafsiri, "huyo msichana anapima kiti au kaburi?"

"Mwambie kiti, Dokta! Mwambie kiti!"

"Anasema basi subiri, achukue kamba yake ya kupimia vitambaa."

Kimo alichotupa na kimo cha Bibi vilikaribiana hata nikavipima tena kuhakikisha.

Tulichora baraza upande wa njia. Mhandisi Mkuu, ambaye alizaliwa Wete, visiwani, aliutazama mchoro muda mrefu, akasema tu, "Haya." Lakini alipokuja mkaguzi wa baladia, yaani manispaa, alisimama njiani akatikisa kidole. Ukuta wa nyumba ulikuwa juu kabisa ya mpaka wa kiwanja. Baraza lingekuwa juu ya njia ya umma.

"Hata tofali moja likivuka, sipitishi," alisema. "Leo benchi, kesho duka, keshokutwa ghorofa."

"Sasa mie nifanye nini, jamani?" Dokta alilalamika kwa Kiswahili, mikono kichwani. "Mama yangu akae juu ya paa kama paka?"

Mkaguzi hakujua Kiswahili, lakini aliona mikono, akaona uso. Alishusha sauti. "Wallahi, ustadh, ningekuwa na njia ningekupa. Njia si yangu."

Mimi nilikuwa nikiwaza viti vya kukunja, madirisha, matundu ukutani, na kila wazo nililikataa kabla halijafika mdomoni. Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni. Upande wa ndani wa ukuta ule, kwenye kipande chembamba cha udongo, alikuwa tayari amepanda asumini yake. Alikuwa amenieleza jinsi atakavyokuwa akichuma maua kila alasiri atengeneze vikuba vya kuvaa kifuani, kama mama yake.

"Njia haisogei," alisema. "Ukuta unasogea. Urudisheni ndani."

Mhandisi Mkuu akamgeukia. "Binti yangu, ardhi utakayoiacha nje ya ukuta itabaki yako kwenye hati, lakini si kwa matumizi. Watakaa watu. Mtu akishazoea kukaa mahali, humwondoi. Na maua yako?"

"Maua nitapanda nyuma." Hakumtazama mumewe. "Nusu ya uwanja kwa mama mkwe mmoja. Mimi nimeona wanawake waliotoa zaidi wakapata kidogo."

Dokta Lateef alichukua koleo, akaanza kuichimbua asumini na mizizi yake.

Tuliubomoa ukuta tukaujenga ndani zaidi, na mbele yake baraza, ndani ya mpaka wao. Mlango tuliuweka pembeni, na nyuma yake kiukuta cha kukinga, ili anayekaa nje asione uwanja. Hivyo sitara ya Bi Zuwena ilibaki. Ukuta tuliupaka chokaa nyeupe. Mhandisi Mkuu alikagua, akapitisha kiganja juu ya benchi, akasema, "Sasa tungoje migongo."

Alhaja alikuwa aje msimu wa baridi. Alianza kuumwa magoti, kisha moyo, na daktari wake akasema safari ndefu ya ndege isubiri. Isubiri mpaka apate nafuu. Ikawa Ramadhani, ikawa baada ya Idi, ikawa msimu wa baridi mwingine. Dokta alikuwa akikaa barazani kila alasiri, peke yake mwanzoni. Kisha jirani mmoja akaleta birika la kahawa. Kisha wengine wakaja na tende. Jumatano wanawake walipita wakienda sokoni wakamsalimu na kuuliza, "Mama yako anafika lini?" Naye akajibu, "Karibu, in shaa Allah."

Mhandisi Mkuu aliagwa kwa chakula cha mchana na saa ya ukutani. Alinipa kofia yake ngumu, ambayo hainitoshi. Tangu hapo nimeomba kazi kila mahali, na nikisubiri majibu nafikiria niliyojifunza. Shahada yangu ilinifundisha kwamba nyumba hukamilika mkandarasi akikabidhi funguo. Sasa naona kuna nyumba zinazokamilika, na kuna zinazobaki wazi zikimngoja mtu, nazo zimejengwa sawasawa na zile nyingine.

Juzi nilimpeleka Bibi akalione baraza lililojengwa kwa shubiri zake. Hatukumkuta mtu. Ulikuwa wakati wa baada ya sala, watu hawajatoka msikitini. Alilitazama, akapapasa pembe.

"Ndo hivi hasa," alisema. "Hivi hivi."

"Kaa Bibi, kama zamani."

"Zamani gani?" Alinicheka. "Wee, Unguja barazani wakikaa wanaume. Sie wa nyumba zile tukichungulia dirishani. Mie baraza lile nikiliosha kila asubuhi. Kukaa, sijakaa hata siku moja."

Miaka yote nilikuwa nikimwona akilini amekaa pale.

Alijishusha taratibu, akakaa pembeni kabisa, mwisho wa benchi, jua likimpiga usoni.

"Sogea kivulini, Bibi. Hapo katikati pana nafasi."

Aligeuka akautazama ukuta, nami nikautazama. Chokaa haikuwa nyeupe tena. Upande mmoja palikuwa na alama pana ya juu, ya mabega kama kabati. Upande wa pili alama za majirani, moja baada ya nyingine. Katikati, kwenye kivuli kizuri kuliko chote, ukuta ulikuwa mweupe kama siku tulipoupaka. Hakuna aliyewahi kuegemea pale.

"Hapo pana mwenyewe," Bibi alisema. Akanishika mkono akanivuta nikae kwenye jua pamoja naye.