Siwema Anapelekwa kwa Mama Yake

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Liuli, wa Ngumbo, na wa vitongoji vyote vinavyopokea umbea kwa wakati, pamoja na wakwe walioko milimani Ruanda, ile ya Mbinga, kwamba Ndugu Meshack, fundi wa mashine za boti, ameamua kuhamia Ujerumani yeye na binti yake Siwema, mwenye umri wa miaka minne na akili timamu. Tangazo hili limethibitishwa na mzee wa kanisa, akina mama wanaoanika dagaa wa usipa, na vijana wa bodaboda wa njia ya Mbamba Bay. Mtu pekee ambaye hakushirikishwa ni Meshack mwenyewe. Yeye alikuwa hajaamua kitu.

Mambo yalikuwa hivi. Mkewe, Ida, ni muuguzi. Aliondoka Siwema akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika ukuta, akaenda kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa kuwa Wajerumani wameishiwa watu wa kuwageuza wazee wao kitandani. Basi binti wa Ruanda anawalisha supu bibi za watu huko ughaibuni, na mama yake mzazi, Bibi Albina, anajitekea maji mwenyewe bondeni na magoti yake yanayolia. Dunia imepangwa vizuri, hatuna malalamiko.

Meshack akabaki na mtoto. Alijifunza kumbeba mgongoni kwa kitenge huku ameinamia mashine iliyotolewa matumbo. Alijifunza kusuka, mistari ilikwenda kombo kama njia ya ng'ombe, lakini nywele zilikaa. Wavuvi hawakumwacha salama.

"Mama Siwema!" walimwita kutoka majini. "Mashine imezima! Nyonyesha kwanza, halafu uje!"

"Nitakuja na ubwabwa wenu kabisa!" naye alijibu, na spana hewani. Walicheka wote, kisha alikwenda kuwatengenezea. Lakini jioni, mtoto akiwa ameshalala, alikaa kizingitini akasikiliza nyumba ilivyo kimya, na hapo hapakuwa na wa kucheka naye.

Halafu Ida akaruhusiwa kuiita familia yake. Meshack hakukataa, kwa sababu mwanamume hamwambii mkewe hataki kumfuata. Akafanya ambalo wanaume hufanya: akakubali, akaomba Mungu mambo yakwame. Alijifunza Kijerumani cha kuomba maji na kuulizia choo, akaenda kwenye mtihani akitegemea kuanguka, akafaulu kwa bahati mbaya. Alikwenda Dar es Salaam kuhojiwa, akajibu kwa mkato ili wamwone hafai. Wakamwona ni mtu makini. Vibali vikatoka, chake na cha mtoto.

Kijiji kilipopata habari, kikaanza kumgawa. Jirani yake Methodi alikuja asubuhi na mapema, uso wa msiba.

"Ndugu yangu, tutakukumbuka," alisema, akilitazama banda la ufundi juu mpaka chini. "Hili paa linavuja?"

"Methodi, mimi bado nipo."

"Najua, najua. Nauliza tu. Huo upande wa ziwani, linavuja?"

Marehemu hufikishwa kwanza kaburini ndipo warithi wapime mabati. Meshack hakupewa heshima hiyo. Na kila aliyempa hongera alimwongezea kitanzi, kwa kuwa sasa kubaki nako kungehitaji maelezo. Akakumbuka kwamba duniani kuna mtu mmoja ambaye akisema hapana, hakuna wa kupinga, si Ida, si kanisa, si Wajerumani. Akachukua ndoo ya usipa wakavu, akamvalisha Siwema sweta, wakapanda kwenda Ruanda kwa Bibi Albina. Wakivuka Mbinga mjini mtoto alisema pua yake imekuwa ya barafu. Meshack akaiweka hoja hiyo akibani: kama Mbinga tu imemshinda, Ujerumani itakuwaje?

Ilikuwa msimu wa kahawa. Uwanja wa Bibi Albina ulinuka maganda yaliyomenywa, na watu wote wa nyumba walikuwa shambani wakichuma. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Kwa Bibi Albina, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawajibizani. Maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Wapo waliokwisha kuitupa desturi hiyo. Siku hizi kuna wakwe wanaotumiana vichekesho kwenye simu. Bibi Albina si miongoni mwao. Siku zote aliyewabebea maneno alikuwa shemeji Hildegardi, naye leo alikuwa juu mlimani na kikapu. Meshack akakaa kwenye kigoda, ubavu kwa ukuta. Bibi akakaa ndani, nyuma ya mlango ulio wazi. Katikati yao palikuwa na mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kupita.

"Siwema," Meshack alisema, akiwatazama kuku, "mwambie bibi shikamoo."

Siwema akaingia. "Bibi, baba anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Muulize ziwa wameliachaje."

Siwema akatoka. "Baba, ziwa tumeliachaje?"

"Mwambie salama, usipa wapo."

"Bibi, usipa wapo. Wako kwenye ndoo. Nimekula kidogo njiani."

Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, mpaka kikohozi. Lakini neno lilihesabiwa halijafika mpaka Siwema alilete.

"Mwambie bibi," Meshack akasafisha koo, "kibali cha kwenda kwa mama kimetoka. Nimekuja kusikiliza anasemaje."

"Bibi, tunakwenda kwa mama. Unasemaje?"

"Sikusema tunakwenda!" Meshack akaropoka.

Sauti ya Bibi ikatoka taratibu: "Mwambie baba yako sijasikia alichosema sasa hivi."

"Baba, hajasikia."

"Mwambie sijaamua."

"Bibi, hajaamua."

Jogoo mmoja akaona afadhali aseme yeye. Halafu Bibi Albina akasema, polepole, kama mtu anayetua mzigo asiotaka upasuke: "Muulize baba yako hivi. Nikisema wewe ubaki hapa kwangu, nikulee mpaka mama yako amalize mkataba wake arudi, atasemaje?"

"Baba, bibi anataka nilale hapa."

Hilo ndilo neno alilolipandia mlima. Hapana kamili, tena kutoka kwa mwenye mamlaka: mtoto akibaki, baba naye ana sababu ya kubaki. Alichotakiwa ni kujibu asante, ashuke ziwani na uso wa mtu aliyezuiwa, arudi kwenye banda lake. Akageuka kidogo, na kupitia mlangoni akaona, kando ya kitanda cha Bibi, kitanda kidogo cha kamba. Kamba zilikuwa mpya, zimekazwa. Juu yake kulikuwa na blanketi lililokunjwa mara nyingi hadi likawa saizi ya mtoto. Nyumba ile ya Liuli ilivyokuwa kimya jioni mtoto akilala, ingekuwaje mtoto asipokuwemo?

"Amenyamaza, bibi," Siwema aliripoti.

"Muulize anaogopa nini."

"Mwambie siogopi kitu," Meshack akasema haraka.

"Bibi, anaogopa."

"Anaogopa nini?"

Siwema akasimama kizingitini, akamtazama baba yake, akaamua safari hii hakuna haja ya kwenda kuuliza. "Anaogopa baridi. Na anamwogopa mama."

Hakuna aliyemfundisha. Ila mtoto hulala kifua kwa kifua na baba yake, na simu huwa katikati. Alikuwa amesikia jinsi Ida siku hizi alivyotafuta baadhi ya maneno ya Kiswahili kama mtu anayetafuta funguo. Jinsi baba alivyonyamaza kila viliposikika vicheko vya watu wengine nyuma ya sauti ya mama. Meshack angefika kule kama sanduku la Ida. Hakuna mashine, hakuna ziwa, hakuna hata wa kumtania. Atafunguliwa mlango kwa ufunguo wa mke, ataonyeshwa pa kukaa. Na je, kama ataonyeshwa tu, lakini hatakiwi?

Bibi Albina hakuuliza tena habari za baba. "Na wewe," alimwambia mjukuu, "mama yako unampenda?"

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

"Kwenye simu ya baba." Siwema alikuwa ameshachota usipa, anatafuna. "Leo kaisha chaji. Tukifika nyumbani namchomeka."

Meshack alicheka kidogo, kwa mazoea. Wavuvi kule Liuli hicho kilikuwa kichekesho chao. Ndani hakukuwa na kicheko. Akasikia kiti kikisogezwa, kisha kandambili, kisha kivuli kikamwangukia miguuni. Akainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua.

"Inua uso, Meshack."

Tangu amuoe Ida alikuwa anaijua sauti ya mama mkwe wake na visigino vyake, basi. Sasa akaona uso. Ulikuwa uso wa Ida, umeachwa juani. Macho yalikuwa mekundu.

"Kamba za kile kitanda nimekaza mwenyewe," Bibi Albina alisema. "Nilitaka uniachie mtoto. Hata sasa nataka."

"Mama..."

"Usinijibu, mkwe, tumeshaharibu vya kutosha." Akashika nguzo ya baraza. "Mtoto hawezi kukua anadhani mama ni kitu cha kuchomeka ukutani. Na mimi nikikaa naye hapa, nitakuwa nampenda, huku nafundisha hilo hilo. Mpeleke. Kama wewe na binti yangu hampatani, basi mkagombane ndani ya nyumba moja, kama watu."

Akarudi ndani. Meshack alibaki anaangalia kuku, lakini hakuwaona, kwa sababu maji yalikuwa yameingia machoni mwake. Baada ya muda sauti ikatoka tena nyuma ya mlango, rasmi kama mwanzo: "Siwema! Mwambie baba yako ugali uko tayari."

Kesho yake, wakiwa Mbinga mjini, alimnunulia Siwema koti la mtumba lenye mikono mirefu kuliko yeye, na mwenye duka akamchajia simu. Alimpigia Ida akiwa amesimama kwenye kona ya duka, kidole kimoja sikioni kwa sababu ya kelele za malori.

"Tunakuja," alisema.

Ida akauliza, kwa sauti ambayo haikutafuta neno lolote: "Wote?"

"Wote."

Akamsikia analia. Hakumwambia kwamba naye alikuwa amesimama dukani kwa watu, amejifunika uso kwa koti la mtoto.

Jumapili ya mwisho, baada ya Misa, mzee wa kanisa Stephano aliwazuia waumini wote wasitoke. Mzee Stephano hajawahi kuona shughuli ndogo. Alikumbusha kwamba Wajerumani walifika Liuli hii na meli na mizinga, bila kukaribishwa na mtu. "Wakatufundisha kazi kwa viboko!" alinguruma. "Lakini sisi hatulipi ubaya kwa ubaya! Leo, ndugu zangu, tunawapelekea Meshack!" Vigelegele vikapaa. Methodi alipiga makofi kuliko wote. Mzee akaendelea: Meshack ni balozi, Meshack ni daraja, Meshack ni taa ya Nyasa inayokwenda kuwekwa juu ya kinara. Akatoa leso, akafuta jasho, akanyoosha mkono.

"Simama, mwanetu, kijiji kikusikie kwa kinywa chako. Ukifika katika nchi ile kubwa, ni kazi gani unakwenda kuifanya kwa niaba yetu?"

Meshack akasimama, Siwema amelala begani, mate yakimlowesha shati.

"Nitakaa na mtoto," alisema. "Mama yake anaingia zamu ya asubuhi."